Mama Mkwe wa Magurudumu

Jumatatu, 3 Machi

Mwongozaji wetu ameniua jukwaani mara nne na kuniponya mara tatu, na leo katangaza mbele ya kikundi kizima kwamba msimu huu nitapona tena. Alitangaza huku anatabasamu kama mtu anayegawa zawadi.

Mchezo kautunga mwenyewe. Kuna mama mkwe, mjane tajiri mwenye roho mbaya hadi kwenye kucha, anayetaka kumfukuza bibi harusi aliyeolewa na mwanawe ili nyumba yote ibaki yake. Halafu kuna dada yake huyo bibi harusi, eti anaitwa Tumaini, ambaye hawezi kutembea. Tumaini anakaa dirishani tangu pazia linafunguliwa. Anaomba, anasamehe watu, anakohoa kidogo, na mwishoni anainuka kitini na kutembea. Ngoma inalia, watu wanalia, pazia.

"Kwa nini anakohoa?" nikauliza. "Miguu haikohoi."

"Inaongeza huruma," akasema Mwongozaji.

Na huko kutembea ni kwa mtindo uleule wa mwaka jana: navalishwa gauni jeupe refu, wanaume wawili wanajificha chini yake na kuninyanyua, tunasogea. Mwaka jana mmoja alipiga chafya na muujiza wote ukayumba.

Nikasema sitaki Tumaini, namtaka mama mkwe. Wote wakaangua kicheko. Darubini ndiye pekee aliyenyamaza. Huyu ni mpiga ngoma wetu, kipofu, na jina hilo kajipa mwenyewe. Anasema hasira yangu huwa anaisikia kabla sijafungua mdomo.

Jumatano, 5 Machi

Mvua imeanza. Kibanda changu cha kutengeneza simu kimejaa watu ambao simu zao "zimezima tu zenyewe". Nafungua kifuniko, maji yanamwagika mezani, na mwenye simu ananiangalia kama mimi ndiye niliyeyatia.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimevunja chupa ya chai ya Mama, ile ya maua aliyoletewa na marehemu baba. Niliigonga kwa kiwiko nikipita na kiti changu cha magurudumu. Vigae sakafu nzima, chai hadi chini ya kabati.

Mama akaja mbio. "Pole mwanangu! Hujaungua? Pole sana."

Kaka yangu alikuwa mlangoni. Yeye akiwa mdogo alivunja glasi moja, moja tu, na ndala ya Mama ikamkimbiza hadi kwa jirani. Akanikonyeza na kusema, "Una bahati wewe."

Bahati gani? Mama hajawahi kunigombeza. Hata siku moja, tangu nizaliwe. Nimemwaga, nimeunguza, nimefungua redio yake nikiwa msichana nikashindwa kuifunga, jibu ni lilelile: pole mwanangu. Hivyo ndivyo watu wanavyomfanyia mgeni. Na mimi nimeishi humu ndani maisha yangu yote.

Jumanne, 11 Machi

Nimemfuata Mwongozaji ofisini kwake, yaani kile chumba cha kuhifadhia viti. Akiongea nami huwa anainama na kupaza sauti, kana kwamba masikio yangu yako magotini. Mwaka jana alipelekwa semina, akarudi na mkoba na neno moja, ujumuishaji, yaani watu kama mimi nao washirikishwe, na tangu hapo hawezi hata kuagiza chai bila kulitaja.

"Sisi tunajali ujumuishaji," akasema. "Ndiyo maana nimekuandikia Tumaini."

"Nipe mama mkwe."

Akavuta kiti akakaa, na kwa mara ya kwanza akasema kwa sauti ya kawaida. "Sikiliza. Mama mkwe lazima achukiwe. Watu wamtukane, wamzomee, watamani kumpiga kiatu. Asipochukiwa, mchezo umekufa. Na watu hawatakubali kumchukia mtu kama wewe."

Nilimkodolea macho tu. Njiani kurudi nilitokwa na machozi ya hasira, na mwanamke mmoja asiyenijua akanishika bega akasema, "Pole, Mungu atakuponya." Nilitamani kumng'ata.

Bila shaka sehemu ni ya Malkia, kama kawaida. Malkia ndiye nyota wa kikundi: anaingia mazoezini amechelewa, miwani ya jua kichwani mvua inanyesha, na akinipita ananipapasa kichwa na kuniita "mdogo wangu kipenzi". Sijui kama yupo duniani mtu ninayemchukia kuliko huyo.

Jumamosi, 15 Machi

Paa la ukumbi limeanza kuvuja juu ya jukwaa. Leo tumefanya mazoezi katikati ya ndoo, na kila Malkia aliposema "Ewe mwanangu!" ndoo ilijibu to! to! to!

Mwenyekiti wa ukumbi akaja kukagua. Huyu mzee hasimami bila wanaume wawili kumshika makwapani, na wa tatu kumpa fimbo. Anasema ni magoti. Darubini anasema ni cheo. Akaliangalia paa akasema fedha za kulitengeneza hakuna, akanyanyuliwa akaondoka.

Ndipo Fundi alipopata wazo. Fundi ni seremala wetu, mtu mwema kupita kiasi, hawezi kuona kitu kina shida bila kukisaidia hata kama hakijamwomba. Akasema: kama hatuwezi kuziba juu, tuinamishe chini. Atainua sakafu ya jukwaa kwa nyuma, iteremke kuelekea kwa watazamaji, na maji yatiririke yenyewe kwenye mfereji. Sote tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu zaidi, mjinga mkubwa.

Baada ya mazoezi tukakwama barazani mimi na Malkia, mvua imetuzuia. Nikajiandaa kupapaswa kichwa. Badala yake akavua miwani na kusema, "Unamtaka mama mkwe kweli?"

"Ndiyo."

"Basi mchukue. Mchukue na wigi lake la mvi, na mkongojo wake, na makunyanzi yake ya penseli. Huyu bwana Mwongozaji ananizeesha tangu nina miaka thelathini na miwili! Nimekuwa bibi wa wanaume walionizidi umri. Mimi namtaka bibi harusi. Japo mara moja, kabla meno hayajang'oka kweli."

Nikamtazama. Miaka yote hiyo nilidhani ananionea mimi wivu au huruma, moja kati ya hayo mawili. Kumbe alikuwa hana hata nafasi ya kuniwaza, ana shida zake.

"Mimi naponywa," nikasema, "wewe unazeeshwa."

Tukacheka hadi walinzi wakatuchungulia. Tumekula njama.

Jumatano, 19 Machi

Tumesoma mbele ya wote, mimi mama mkwe, yeye bibi harusi. Nilipofika pale pa "Nyumba hii ni yangu, kuta zake ni zangu, hata mwangwi wa kilio chako ni wangu!", Darubini akapiga ngoma kubwa bila kuambiwa. Nywele zilinisimama mimi mwenyewe.

Mwongozaji akatembea huku na huko. "Sawa, mmesoma vizuri. Lakini nani atapona? Watu wamezoea mtu apone mwishoni!"

Halafu akageuka taratibu akamtazama Darubini.

"Usinitazame hivyo," akasema Darubini. Sijui alijuaje.

Mwishowe Mwongozaji akatoa masharti. Tarehe kumi na mbili mwezi ujao kutakuwa na onyesho la majaribio kwa majirani wa ukumbi. Wakinichukia, sehemu ni yangu. Wasiponichukia, Malkia anarudi kwenye wigi na mimi kwenye gauni jeupe.

Jumamosi, 22 Machi

Mama ni mshonaji wa sare za shule, na kila msimu hutushonea mavazi. Leo nimemkuta ameshaanza gauni jeupe.

"Badilisha, Mama. Safari hii nataka zambarau. Mimi ndiye mama mkwe."

Cherehani ikasimama. "Yule mbaya?"

"Mbaya sana."

"Lakini watu watakusema vibaya, mwanangu."

"Ndiyo, Mama. Naomba Mungu iwe hivyo."

Akashona, na kila akifika pembe ya kitambaa anaguna. Gauni jeupe hakulitupa. Kalimaliza pia, kalitundika nyuma ya mlango.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Hakuna mazoezi. Simu iliyoanguka kwenye supu.

Jumanne, 1 Aprili

Jukwaa limekamilika, na laiti ingekuwa ni utani wa Siku ya Wajinga.

Maji yanateremka vizuri kabisa. Na mimi pia. Nilipandishwa, nikaweka kiti katikati, nikainua mkono kusema "Nyumba hii ni yangu!" na nyumba ikaanza kuniacha. Taratibu, kwa heshima zote, nikateremka kuelekea viti vya mbele huku nimenyoosha kidole. Malkia akanidaka kwa nyuma.

Fundi alishika kichwa kwa mikono miwili. "Jamani, magurudumu! Niliwaza maji tu!"

Anatamani ardhi immeze. Amepigilia ubao ukingoni mwa jukwaa ili nisianguke, na amenichongea kabari mbili za kuweka chini ya magurudumu. Sasa nikitiwa kabari sitikisiki hata nikisukumwa na ng'ombe.

Mama aliposikia, akanishonea mkanda wa kunifunga kitini. Kitambaa mara tatu, kifungo kama cha begi la shule. Mtu mzima mimi! Nimesema siuvai. Amenivalisha.

Jumamosi, 5 Aprili

Kabari zinafanya kazi. Malkia amejifunza kulia kwa jicho moja, anasema la upande wa watazamaji linatosha.

Jumamosi, 12 Aprili

Aibu. Aibu tupu. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba haikuwa mbaya kiasi hicho.

Walikuja majirani wengi, pamoja na waliokimbia mvua tu. Nilikuwa katikati ya jukwaa, kabari chini, gauni la zambarau, nyusi zimechorwa hadi karibu na nywele. Malkia akapiga magoti mbele yangu. Nikampokonya funguo za nyumba. "Utalala barazani!" nikasema. "Na mbwa wakikuuliza, waambie nimekutuma mimi!"

Mwanamke wa safu ya pili akashusha pumzi. "Maskini. Maumivu hayo ndiyo yanamfanya aseme hivyo."

Nikaongeza sauti. Nikamwita bibi harusi nyoka, kupe, mwizi wa wana wa watu. Malkia akalia kwa jicho lake, akanishika miguu, na mzee mmoja akafoka, "We msichana! Usimsumbue mgonjwa!"

Halafu likaja kubwa. Mama mmoja mtu mzima akainuka, akapanda jukwaani taratibu, akavua mtandio wake akanifunika magotini. "Utapata baridi, mwanangu," akasema. Akanipigapiga mkono.

Na mimi, mama mkwe mwenye roho mbaya hadi kwenye kucha, nikiwa katikati ya matusi, nikamwambia, "Asante, mama."

Darubini hakupiga ngoma. Alisema baadaye kwamba hakujua ngoma ya kitu kama kile.

Mwongozaji hakunicheka, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Aliinama, akapaza sauti: "Nilikwambia. Si kosa lako." Gauni jeupe litatumika.

Jumapili, 13 Aprili

Sina la kuandika.

Jumatano, 16 Aprili

Malkia amekuja kibandani, maji yanamchuruzika, akasukuma wateja wawili akainama mezani kwangu.

"Mama mkwe gani anasema asante?" akaanza, bila hata salamu.

"Niache."

"Sikuachi. Nimewaza siku zote hizi. Wewe unakaa pale katikati, umetiwa kabari, na sisi tunakuja mmoja mmoja tunapiga magoti, tunaondoka. Unajua inafanana na nini? Na watu waliokwenda kumjulia mgonjwa hali! Kilichobaki ni kukuletea machungwa."

Nikaacha bisibisi.

"Toa zile kabari," akasema. "Jukwaa limeinama, si ndiyo? Basi nishukie. Nifukuze kweli."

Tukafunga kibanda, tukaenda ukumbini, tukamkuta Fundi na Darubini. Kabari zikatolewa. Kupanda hadi nyuma ya jukwaa ni kazi, mabega yanawaka moto. Lakini kushuka! Malkia alipiga ukelele ambao haumo kwenye mchezo. Breki nazishika nikifika karibu na ubao, nageuka, napanda tena. Darubini akagundua kwamba gurudumu langu la kushoto linalia kama panya, hivyo anaweza kujua niko wapi na kunifuata kwa ngoma: nikipanda anagonga polepole, nikishuka anamimina.

Katikati ya hayo Mwongozaji akaingia, akapanda jukwaani kutuuliza nani katupa ruhusa. Mimi nilikuwa juu kabisa. Nikamshukia. "NYUMBA HII NI YANGU!"

Akaruka nje ya jukwaa kwa mguu mmoja.

"Nimeogopa," akasema kutoka huko chini, mkono kifuani. "Nimeogopa kwelikweli."

Amenirudishia sehemu, ila kwa sharti. Siku ya onyesho gauni jeupe litatundikwa nyuma ya pazia, na wale wanaume wawili watakaa tayari. "Pole moja," akasema, "nikisikia pole moja tu kwenye sehemu ya kwanza, namaliza mchezo kwa muujiza."

Alhamisi, 24 Aprili

Mabega yamekufa. Nimemjibu mteja vibaya, akasema samahani yeye. Hata hapo sikugombezwa!

Jumatano, 30 Aprili

Kaka kaniuliza kwa nini najiumiza hivi kwa ajili ya kutukanwa. Nikamwambia yeye hawezi kuelewa, katukanwa vya kutosha tangu utotoni.

Ijumaa, 9 Mei

Kesho. Mama kaniuliza aje au asije. Nikasema aje. Amepiga pasi leso tatu, maana kwenye maonyesho yangu huwa analia kuanzia mwanzo. Sijui kesho zitamfaa nini.

Wasiponichukia kesho, basi nitaponywa hadi uzeeni.

Jumamosi, 10 Mei

Niandike kwa mpangilio.

Onyesho lilianza saa tisa alasiri, mvua inapiga paa. Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti aliwekwa safu ya mbele, katikati, fimbo mapajani. Mama safu ya tatu na leso zake. Nyuma ya pazia gauni jeupe limetundikwa, na wale wawili wamekaa chini yake wanakula karanga.

Kabla pazia halijafunguliwa, Fundi akaja ameng'aa uso. "Dada, nimekuandalia kitu. Lile gurudumu lilikuwa linalia, nimelitia mafuta. Breki nazo zilikuwa zinakwaruza, nikazitia mafuta pia. Sasa kiti ni kama kipya."

Nilikuwa nafikiria maneno yangu ya kwanza. Nikamwambia asante. Mimi na asante zangu!

Pazia likafunguliwa. Nikapanda nyuma ya jukwaa, nikawaangalia watu kama wamekuja kunidai. Nikaanza kumzungukia Malkia. Nikampokonya funguo, nikazitia kifuani. Safu ya nyuma mtu akasema, "Eh! Huyu mama!" Hiyo haikuwa pole.

Nikafungua furushi la nguo zake bibi harusi, nikazirusha moja moja. "Hii nimenunua mimi! Hii mwanangu! Hii hata jalala halitaitaka!" Ukumbi ukaanza kunguruma. Na hapo, juu ya kelele zote, nikasikia sauti ninayoijua kuliko sauti yangu:

"We mtoto! Mwache binti wa watu!"

Mama. Amesimama, leso mkononi. "Nimekulea hivyo mimi? Mrudishie nguo zake!"

"Mwambie, mama!" watu wakamshangilia. "Mwambie huyo!"

Nikasahau maneno yote. Maisha yangu yote nimeyasubiri haya, na yamekuja mbele ya ukumbi mzima, na mimi niko kazini! Malkia akaninong'oneza, "Jibu!" Basi nikamnyooshea mama yangu mzazi kidole nikasema:

"Nyamaza wewe! Kaa chini!"

Weee! Zomeazomea iliyopigwa pale, paa lilivuja zaidi. Ndala ikatua jukwaani. Mama kakaa chini kama aliyekatwa miguu.

Nikapanda hadi juu kwa maneno ya mwisho, nikaachia magurudumu. "Nyumba hii ni yangu!" Kiti kikashuka kimyakimya, hakuna mlio wa panya, na Darubini, masikini, amesimama na mikono hewani anausubiri. "Kuta zake ni zangu!" Malkia akaruka pembeni. Nikashika breki.

Hazikushika. Mafuta ya Fundi! Zililamba magurudumu tu na kuyaachia. Nikaona safu ya mbele inakuja, inakuja, na katikati yake Mwenyekiti, kinywa wazi. Sikuwa na la kufanya isipokuwa kumalizia. Nikamwelekezea kidole yeye, na kwa sauti yote niliyojaliwa:

"HATA MWANGWI WA KILIO CHAKO NI WANGU!"

Kiti kikagonga ubao. Mkanda wa Mama ukanikaza tumboni, kifungo kikashika, nikaning'inia nusu nje ya jukwaa, kidole kimefika karibu na pua ya Mwenyekiti. Na Darubini, aliposikia kishindo, akapiga ngoma kubwa kwa mikono yote miwili.

Mwenyekiti akaruka. Hakushikwa kwapa, hakupewa fimbo. Aliruka kiti chake, akaruka na cha nyuma yake, akapita katikati ya watu kwa mbio ambazo sijaziona hata shuleni, na mlango ukasikika unabamizwa.

Kisha kutoka nyuma ya pazia nikamsikia Mwongozaji, kwa sauti ya mtu aliyeona malaika: "Amepona."

Watu walicheka hadi wengine wakakaa sakafuni. Mchezo ukaendelea, nikazomewa hadi mwisho, na nilipotoka kuinama na wenzangu wakanizomea tena, wamesimama. Malkia analia kwa macho yote mawili. Gauni jeupe hakuna aliyeligusa, ila wale wawili wamelifutia mikono yao ya karanga.

Mama hakuja nyuma ya jukwaa. Alirudi nyumbani na Kaka. Nilipofika alikuwa amelala, au anajifanya amelala.

Jumapili, 11 Mei

Mama haongei nami. Kaniwekea chakula, kaondoka. Nimemwomba radhi, nimemweleza kwamba yalikuwa maigizo. Akasema, "Sawa." Raha yote imeniingia shubiri. Nimemwambia mama yangu anyamaze, mbele za watu.

Jumatatu, 12 Mei

Yule mama muuza nyanya wa karibu na kibanda changu huniongezea nyanya mbili kila siku, na pole juu yake. Leo kaniona kwa mbali akafunika beseni.

"Hakuna nyanya."

"Mama, naziona."

"Za watu wenye huruma hizi. Mkweo yuko wapi, umemlaza barazani bado?"

Akaniuzia hatimaye, akanichagulia zilizopondeka, na chenji akaitupa mezani. Nimerudi kibandani nacheka peke yangu. Lakini nilitaka kumsimulia Mama, na Mama hayuko wa kusimuliwa.

Jumatano, 14 Mei

Jioni hii niliweka maziwa jikoni, nikashika simu ya mteja, nikasahau. Yakachemka, yakamwagika, yakaungua. Moshi hadi sebuleni. Mama akaja mbio.

Akaangalia jiko. Akaniangalia mimi. Nikasubiri pole yangu.

"Hivi wewe una akili timamu?" akasema.

Nikaweka simu ya mteja chini.

"Nakuuliza! Pua huna? Umekaa hapo hatua mbili na jiko, maziwa yanaungua, wewe umeinamia masimu yako! Na ile chupa yangu ya chai, unadhani nimesahau? Aliniletea baba yako ile! Kiti unakiendesha humu ndani kama mwendawazimu! Na redio! Redio yangu uliifungua ukaniachia nyaya, mpaka leo sijasikiliza taarifa ya habari kwa raha! Halafu unapanda jukwaani mbele za watu, mimi, mimi mama yako, eti 'nyamaza wewe'? Umekuwa nani? Nani kakufundisha?"

Kumbe alikuwa anaziweka zote. Miaka yote hiyo, kosa moja halikumpotea. Kaka alitokea mlangoni, akasimama na mswaki mdomoni, macho yamemtoka.

"Na wewe unatazama nini!" Mama akavua ndala. Nilidhani ni ya Kaka. Ikapita juu ya kichwa changu, ikapiga ukuta, ikaangukia mapajani mwangu.

"Samahani, Mama," nikasema. Nilikuwa nalia, na nilikuwa nacheka, na nilijitahidi asione lolote.

"Samahani yako ikasugue hilo jiko! Na usinichekee!"

Nimelisugua jiko hadi vidole vinauma. Ndala nimemrudishia, kaipokea bila kunitazama, akaivaa, akaanza upya kuanzia kwenye redio. Mvua imekatika tangu magharibi, madirisha yote yako wazi, na majirani wanasikia kila neno. Naandika hapa mezani, na Mama bado anasema.